Nani Anashika Hati za Shamba Lenu?



Weka gazeti chini kidogo, ujiulize swali hili. Baba yako, au mume wako, akifariki usiku wa leo, ni nani nyumbani kwenu anayejua hati za kiwanja ziko wapi?

Watu wengi watajibu: "Baba ndiye anayejua." Lakini baba ndiye aliyefariki.

Wachache watajibu: "Sisi tuna wakili wetu. Yeye anajua kila kitu." Hilo ni jibu zuri zaidi. Hata hivyo, nalo linaleta maswali. Wakili huyo anaitwa nani? Ofisi yake iko mtaa gani? Mbali na baba, ni nani katika familia aliyewahi kukaa mbele yake na kusoma alichoandika?

Leo tunazungumza juu ya wakili wa familia. Huyu ni mtu anayeaminiwa na jamaa wote kushughulikia wosia, mirathi na ardhi. Mtu huyo ni wa msaada mkubwa. Lakini kuna kumwamini mtu huku macho yako wazi, na kuna kumwamini huku umeyafumba.

MZEE WA IRINGO

Tuseme kuna mzee mmoja hapa Iringo, mjini Musoma. Ana nyumba ya vyumba sita. Vyumba vitatu amepangisha. Ana shamba la mihogo na mtama katika kijiji kimoja cha Butiama, alikozaliwa. Ana ng'ombe waliowekwa kwa shemeji yake huko Bunda. Ana wake wawili na watoto saba.

Miaka mingi iliyopita mzee huyu alimpata wakili mmoja mwaminifu. Wakili alimsaidia kupata hati ya nyumba. Alimsaidia pia kumwondoa mpangaji mkorofi. Tangu siku hiyo mzee hana neno bila wakili. Mtoto akiuliza habari za shamba, mzee hujibu: "Msiwe na wasiwasi. Mambo yote nimemwachia wakili."

Siku mzee anafariki, watoto wanamtafuta wakili. Wanajua jina lake moja tu. Wanauliza mjini, wanaambiwa ofisi ilihama. Ndugu wa Butiama wanasema shamba ni la ukoo. Mke mdogo anasema aliahidiwa nyumba. Shemeji wa Bunda hasemi kitu. Yeye anaendelea kukamua.

Je, mzee alikosea kumwamini wakili? Hapana. Wakili hakumwibia hata senti. Shida ni kwamba urafiki ule ulikuwa wa mzee peke yake. Mke hakuujua, na mtoto hakuujua. Mzee alipozikwa, nao ulizikwa.

WAKILI NI NANI?

Si kila mtu anayevaa suti na kubeba faili ni wakili. Wakili amesoma sheria, amefanya mitihani, kisha amekubaliwa na Jaji Mkuu. Jina lake limeandikwa katika daftari la mawakili. Kila mwaka lazima apate leseni ya kufanya kazi. Mahakama ina mfumo wake katika mtandao, unaoitwa e-Wakili, ambao unaonyesha mawakili walioandikishwa. Kama huna simu ya mtandao, mwombe kijana wako akutazamie. Au nenda mahakamani uulize. Si utovu wa adabu kuuliza. Ukinunua ng'ombe mnadani, hufungui mdomo wake ukahesabu meno?

Kuna watu wengine ambao wananchi huwaita vishoka. Hukaa karibu na mahakama na ofisi za ardhi. Hujua majina ya makarani. Hujua kuandika barua. Humwambia mtu aliyetoka kijijini: "Mzee, lete hati yako, nitakumalizia leo leo." Mzee anatoa hati, anatoa fedha, na hapewi risiti. Ugomvi wa namna hii ni mgumu, kwa sababu mzee hana karatasi ya kuonyesha kwamba hati aliitoa.

Wakili wa kweli ukimlalamikia, kuna mahali pa kwenda. Kuna Chama cha Wanasheria Tanganyika, na kuna Kamati ya Mawakili ambayo inaweza kumwadhibu, hata kumfuta katika daftari. Kishoka hana daftari la kufutwa.

Basi ukimpata wakili wa kweli, mwombe mambo haya bila aibu. Mwambie aandike malipo yake ni kiasi gani na ni ya kazi gani. Dai risiti. Ukimwachia hati, akuandikie kwamba ameipokea, atie tarehe na mhuri. Na nakala ubaki nayo wewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Wakili mmoja hawezi kuwa mtu wa pande mbili zinazogombana. Tuseme alikuwa wakili wa baba. Sasa watoto wa mke mkubwa wanashtakiana na watoto wa mke mdogo. Wakili yule hawezi kuwatetea wote. Mara nyingi inampasa ajitoe kabisa. Kwa hiyo usitegemee kwamba "wakili wetu" atakuwa wako wewe siku ya ugomvi. Kazi yake nzuri kuliko zote ni ile anayoifanya kabla ya ugomvi, mzee akiwa hai.

KARATASI YA BI HOLARIA

Sasa tutoke Musoma kidogo, twende ng'ambo ya ziwa, Muleba, katika Mkoa wa Kagera. Huko kulitokea kesi ambayo inajulikana na wanasheria wa Tanzania nzima.

Mwanamke mmoja, Bi Holaria Pastory, alirithi shamba kutoka kwa baba yake. Hakurithi kwa maneno. Baba yake aliacha wosia halali. Miaka ikapita. Bi Holaria akawa mtu mzima sana, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza shamba lile kwa Bwana Gervazi Kaizilege kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo wao.

Mpwa wake, Bwana Bernardo Ephrahim, hakukubali. Alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Alisema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, maneno hayo yalikuwa yameandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilikusanya mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ikazitangaza kuwa sheria. Sheria hiyo ilisema kwamba mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake, lakini asiiuze. Mwanamume hakuwekewa katazo kama hilo.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi. Ilisema mauzo si halali. Bi Holaria alikata rufaa, na Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki yeye. Mpwa naye akaenda mbele, Mahakama Kuu, Mwanza.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema Katiba ya nchi, tangu mwaka 1984, ina sura ya haki za binadamu, na inakataza ubaguzi. Mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Kama mwanamume anaweza kuiuza, mwanamke naye anaweza. Mauzo yalikuwa halali. Mpwa akitaka shamba lirudi kwenye ukoo, ilimbidi amrudishie mnunuzi fedha zake.

Hukumu hiyo husifiwa kwa sababu ya Katiba, na ni sawa isifiwe. Lakini wewe, msomaji, tazama jambo dogo lililo chini yake. Bi Holaria alifika mahakamani akiwa na wosia wa baba yake. Hakuna aliyeweza kumwambia, "Shamba hili hukupewa." Waligombana kama anaweza kuuza. Hawakugombana kama ni lake. Baba aliyeandika karatasi ile alikwisha kufa, na karatasi bado ilikuwa inafanya kazi.

WAJANE WASIO NA KARATASI

Wajane wawili wa Shinyanga hawakuwa na bahati hiyo. Waume zao walifariki. Kwa mila ile iliyotangazwa mwaka 1963, mjane hapati fungu kama mume ana ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane hao walitolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, pamoja na watoto.

Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila ile ina ubaguzi, lakini ikaona haiwezi kuibadili kwa hukumu. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa yao ilianguka. Unajua kwa nini? Ni kwa sababu ya dosari katika hati ya mahakama. Tarehe iliyoandikwa haikuwa sawa.

Tarehe tu! Miaka mingi ya kungoja ilikwamia hapo. Wanasheria wao walilipeleka shauri mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na haki za wanawake. Mwaka 2015 Kamati hiyo iliwapa haki wajane, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake za urithi.

Huenda unafikiri mambo haya ni ya mbali. Hapana. Hapa Musoma mila zenyewe si moja. Wakwaya wa zamani walifuata ukoo wa mama, na mpwa alirithi kwa mjomba wake. Jirani zao Wazanaki na Waikizu wana desturi zao. Tarime wana zao. Leo mtu wa Iringo anaweza kuwa na baba Mkwaya, mama Mjita, mke Mkurya, na shamba Bunda. Akifa bila wosia, mila ya nani itafuatwa? Kila upande utaleta wazee wake, na kila mzee atasema kweli kama anavyoijua.

Kwa upande wa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi. Mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Na kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke asiiuze bila idhini ya mwenzake. Wakili mwema humwuliza mume, "Mama yuko wapi? Naye amekubali?" Wakili asiyeuliza swali hilo, mimi nisingemwita wakili wa familia. Huyo ni wakili wa baba tu.

WOSIA UNAANDIKWAJE?

Watu wengi huogopa kuandika wosia. Wanasema ni kujitakia kifo. Hiyo ni imani tu. Anayeezeka nyumba haiti mvua.

Tueleze wosia wa kimila, maana ndio unaotumiwa na wengi vijijini. Waislamu wana utaratibu wao wa dini. Wale wanaofuata sheria nyingine, wakili atawaeleza.

Wosia wa kimila huandikwa kwa kalamu ya wino. Usiandikwe kwa penseli. Uwe na tarehe. Mwenye wosia awe na akili timamu, aandike kwa hiari yake, na atie sahihi. Kama hajui kuandika, aweke dole gumba.

Mashahidi wawepo pamoja, na wawe wanajua kusoma na kuandika. Hapa sheria ina jambo la kukufurahisha wewe uliyejifunza kusoma. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, lazima wawe wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Yaani kusoma kwako kunafanya kazi ya mashahidi wawili! Shahidi asiwe mtu atakayerithi.

Wosia wa mdomo pia upo. Unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Lakini mashahidi nao hufa, huhama, na husahau. Wengine hununuliwa pombe.

Kumnyima mrithi fungu lake si jambo la hasira ya siku moja. Mila zile zinataka sababu kubwa, kwa mfano mtoto aliyetaka kumwua baba yake, au aliyemtupa mzazi wakati wa njaa au ugonjwa. Sababu iandikwe katika wosia. Mzee anayeandika tu "Huyu simtaki" anawaachia watoto wake kesi.

Andika mali kwa namna ambayo hata mgeni ataitambua. Usiandike "shamba la kule mtoni." Andika kijiji, kitongoji na ukubwa. Andika majirani wa pande nne, kwa majina. Andika kama mpaka ni minyaa, mkonge, njia au jiwe. Ng'ombe andika wangapi, wako kwa nani, na tangu lini. Madeni nayo yaandikwe, ya kudai na ya kudaiwa.

Nakala moja ikae kwa wakili. Unaweza pia kuuweka wosia RITA, ofisi ya Serikali inayosajili vizazi na vifo, ambayo hupokea na kutunza wosia. Na watu wawili au watatu nyumbani wajue uko wapi, hata kama hujataka wajue una maneno gani.

MASHAMBA YA ZAMANI

Wazee wa Mara wanakumbuka mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Watu waliacha miji yao ya zamani wakagawiwa mahali pengine. Hadi leo kuna wajukuu wanaosema, "Pale penye mikuyu ndipo kwetu, babu alihamishwa."

Hapa ndipo wakili mkweli anapopimwa. Kishoka atakwambia: "Lipa fedha, tutalirudisha." Wakili mkweli atakuonyesha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo imethibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Shamba ambalo baba yako aligawiwa katika miaka hiyo, na akalitumia, ni lake kwa sheria. Na mtu aliyegawiwa kwenye mahame ya babu yako naye analindwa na sheria hiyo hiyo. Pengine hutapenda kusikia hivyo. Lakini ni afadhali kuambiwa bure leo kuliko kuuza ng'ombe watatu kwa kesi itakayoshindwa.

Shamba ulilonalo sasa, lipatie hati ya hakimiliki ya kimila. Unaanzia kwenye ofisi ya kijiji. Majina ya mume na mke yanaweza kuandikwa pamoja. Na kumbuka kwamba ardhi ya kijiji haiuzwi kimya kimya chini ya mwembe. Halmashauri ya kijiji lazima ikubali.

BAADA YA MAZISHI

Msiba ukishaisha, kikao cha ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani. Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa dini ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi inaweza kusikiliza shauri. Mirathi nyingine huenda mahakama za juu. Zamani shauri la Mahakama Kuu lilimpeleka mtu wa Musoma hadi Mwanza. Sasa Musoma ina Mahakama Kuu yake.

Usishangae ukimkosa wakili wako katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa humo kabisa. Mwaka 2021 sheria ililegezwa. Wakili anaweza kuingia pale ambapo hakimu ni hakimu mkazi. Mahali pengine utasimama mwenyewe. Wakili atakuwa amekuandalia karatasi, lakini maneno ni yako.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Mahakama imempa kazi, haikumpa mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne tangu kuteuliwa kupeleka orodha ya mali na madeni. Kisha hupeleka hesabu ya namna alivyogawa. Kuna kaka wakubwa ambao walipewa barua ya usimamizi, wakaiweka mfukoni, wakaendelea kupokea kodi ya nyumba miaka mingi. Wadogo zao wanadhani barua ile ni hati ya kumiliki. Sivyo. Mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuuliza: "Orodha iko wapi? Hesabu iko wapi?"

Vilevile kuna karatasi ya uwakilishi, ambayo mtu mzima humwandikia mwingine amfanyie shughuli zake, kama kukusanya kodi au kuuza kiwanja. Karatasi hiyo hufa siku aliyeitoa anapofariki. Mtu akija baada ya mazishi na karatasi ya namna hiyo, hata akiwa ndugu, hata akiwa wakili, hana mamlaka tena.

Msikae kimya muda mrefu pia. Kudai ardhi mahakamani kuna kikomo cha miaka 12. Kama marehemu alikuwa ameishika ardhi yake mpaka kufa, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Haingoji mpaka ninyi mpatane.

Huna fedha za wakili? Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Serikali. Hawatozi fedha. Hawawezi kusimama mahakamani badala yako, lakini watakusomea barua, watakueleza njia, na watawapatanisha. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii. Ugomvi wa shamba kijijini nao huanzia kwenye usuluhishi, katika baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza la kata husuluhisha tu, halikati shauri.

TUMRUDIE MZEE

Tuseme yule mzee wa Iringo bado yu hai. Jumatatu asubuhi anavaa koti lake. Safari hii haendi peke yake. Anamchukua mke mkubwa, mke mdogo, na binti yake wa tatu, kwa sababu huyo ndiye anayekaa karibu na nyumbani. Wanafika ofisini kwa wakili.

"Mzee, leo umekuja na kijiji kizima," wakili anasema.

"Mwanangu, nimekuja na wenye mali," mzee anajibu. "Mimi napita tu."

Wakili anatoa faili. Hawaonyeshi mafungu, maana mzee bado hajataka. Anawaonyesha orodha ya mali. Mke mdogo alijifunza kusoma ukubwani. Anaivuta karatasi karibu na dirisha. Anasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Wote wanangoja.

"Hapa pamekosewa," anasema. "Upande wa kaskazini wa shamba mmeandika jirani aliyekufa zamani. Mwanawe alikwisha kuuza. Sasa jirani ni yule mwenye mashine ya kusaga."

Mzee anafikiri kidogo. Anatikisa kichwa. Ni kweli, alikuwa amesahau. Wakili anachukua kalamu ya wino na karatasi mpya.